Mwanachuo na intaneti: yanayosemwa na yalivyo

Naanza na hii maana ndo inaniuma zaidi, eti mwanachuo akionekana kainamia simu basi anachezea bando tu. Wazazi wengi wanaamini hivo na siwalaumu, ila siku hizi chuo chenyewe kiko kwenye simu. Mkopo wa HESLB, yani bodi ya mikopo ya wanafunzi, unaombwa mtandaoni, kontroo namba ya kulipia ada unaitoa kwenye akaunti yako, kusajili kozi ni huko, matokeo ni huko, na madesa (notsi za masomo) yote siaa, yani kiongozi wa darasa, anayamwaga kwenye grupu la WhatsApp. Kipindi kikihamishwa venyu asubuhi asiye na bando ndo anakuta chumba kitupu. Tena wapo wasio na laptopu kabisa, asaimenti nzima wanaitaipu kwa kidole gumba. TikTok wanaingia ndio, ni vijana, ila sio hiyo tu.

Af kuna wanaosema kinyume chake, kwamba hawa wamezaliwa na simu mkononi hawana cha kufundishwa. Hapa ndo kwenye tatizo lenyewe! Kujua kuskroo na kujua kutafuta ni vitu viwili tofauti kabisa. Mimi mwaka wa tatu nilihangaika na risechi, kila makala ninayoitaka inadai dola thelathini na kitu, nikawa nasoma muhtasari tu wa juu na kubahatisha yaliyobaki, mpaka siku nikamfata mama mmoja wa maktaba, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, akaniambia "mwanangu, kwani Research4Life hujawahi kuisikia?" Sijawahi, na nimemaliza miaka miwili na nusu chuoni. Huo ni mpango wa kuwapa wasomi makala za majarida ya kitaaluma, ulianza 2002 na Hinari ya WHO kwa mambo ya afya, 2003 ikafuata AGORA ya FAO kwa kilimo, na vyuo vya nchi kama Tanzania vinaruhusiwa kuingia bure, chuo kikishajisajili wewe unauliza tu maktaba namna ya kuingia. Makala ilee ya dola thelathini nikaishusha siku hiyo hiyo bila kulipa hata mia.

Hata Google Scholar, ile Google ya kutafutia makala za kitaaluma, ipo tangu 2004 na bado mtu anafika mwaka wa mwisho hajaigusa. Ukiona PDF imeandikwa pembeni ya makala mara nyingi inafunguka bure, ukikosa bonyeza matoleo yote hapo chini, unaweza kukuta mwandishi mwenyewe kaiweka nakala kwenye tovuti ya chuo chake.

Halafu hii ya ChatGPT, ile akili bandia unayochati nayo, imekuja mwishoni mwa 2022 na watu wanaichukulia kama maktaba, wanaiomba refarensi na kubandika zilivyo. Jamani, ile inapanga maneno yanayoelekea kufuatana, inaweza kukupa mwandishi, mwaka, jarida mpaka namba za kurasa na makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mtu. Tafuta kila kichwa cha habari mwenyewe, ukikikosa futa, kabla supavaiza hajakitafuta yeye.

Turnitin nayo, ile programu ya kukagua kazi za kunakili, haisemi "huyu kaiba", inaonyesha maneno yanayofanana na ya kwingine, hata orodha yako ya marejeo inaweza kupandisha asilimia. Na asilimia ndogo haikusafishi kama wazo ni la mtu na hujamtaja.

Inkognito, ile ya kuperuzi kwa siri kwenye brauza, inaficha historia kwenye simu yako basi, mwenye wifi bado anaweza kuona tovuti unazoingia.

La bando nalo, wengi wanaogopa kusoma mtandaoni eti data itaisha, wakati kinachokula ni video, saa moja tu inaweza kwenda na mamia ya MB, makala ya PDF mara nyingi ni MB moja mbili. Ukiwa kwenye wifi ya chuo shusha zote za wiki nzima, hosteli utazisoma data ikiwa imezimwa.