Pesa za tajiri zinaingiaje klabuni? Dhana potofu na ukweli

Dirisha la usajili likifungwa, mashabiki wa klabu zenye matajiri hugawanyika. Hawa wanamwita mmiliki bahili, wale wanamwita mkombozi. Nimekaa kwenye mabishano haya miaka mingi, na karibu kila mara tunabishania kiasi: katoa ngapi, kamleta nani. Kwangu swali zito ni pesa zenyewe zimeingiaje. Ni hisa? Ni mkopo? Au ni deni ambalo klabu yenyewe ndiyo inalilipa?

"Tajiri anatumia pesa zake"

Wapo wanaofanya hivyo, wapo wasiofanya. Familia ya Glazer ilipoinunua Manchester United mwaka 2005, klabu ilithaminiwa takriban pauni milioni 790. Sehemu kubwa ya pesa hizo ilikopwa, na sehemu ya mikopo ikabebeshwa klabu. Klabu iliyokuwa haidaiwi ikajikuta inalipa gharama za kununuliwa kwake yenyewe. Tangu hapo riba imekula mamia ya mamilioni ya pauni, yaani pesa za tiketi, za jezi na za haki za televisheni.

Utasikia: "Mbona wamesajili wachezaji wa bei mbaya?" Kweli wamesajili, lakini kwa mapato ya klabu na madeni ya klabu. Mwaka 2010 maelfu ya mashabiki wa Old Trafford waliwapinga wamiliki hao kwa kuvaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la klabu hiyo kabla ya 1902. Timu ilikuwa imetoka kubeba ubingwa wa England mara tatu mfululizo. Watu wanaolalamika huku makombe yapo kabatini wanastahili kusikilizwa, kwa sababu hawakuwa wanalilia kipigo cha Jumamosi.

Kwa Roman Abramovich pale Chelsea mambo yalikuwa kinyume. Tangu 2003 alimimina pesa zake kweli. Ila kwenye vitabu ziliandikwa kuwa mkopo, na kufikia 2022 mkopo huo ulikuwa umepita pauni bilioni 1.5. Mashabiki wengi hawakujishughulisha nao hadi serikali ya Uingereza ilipomwekea vikwazo Machi mwaka huo, klabu ikazuiwa hata kuuza tiketi mpya na bidhaa dukani kwake. Deni lilifutwa na klabu ikauzwa Mei. Ilinusurika, lakini kwa miaka 19 ilikuwa imesimama juu ya hiari ya mtu mmoja. Ndiyo maana nasema tofauti ya hisa na mkopo si mambo ya wahasibu peke yao. Pesa ya hisa haidaiwi kesho. Mkopo unaweza kudaiwa.

"Anayeonekana kwenye kamera ndiye mwenye klabu"

Chelsea ilipouzwa kwa pauni bilioni 2.5, kila lawama ilimwangukia Todd Boehly, sura ya kundi lililoinunua. Lakini wenye hisa nyingi ni kampuni ya uwekezaji ya Clearlake Capital. Kabla ya kuandika bango, mjue mwenye kura ya mwisho.

"Mkataba mrefu unamfanya mchezaji awe nafuu"

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakwenda taratibu. Januari 2023 Chelsea ilimsajili Enzo Fernández kwa zaidi ya pauni milioni 106, mkataba wa miaka minane na nusu. Kwenye mahesabu, ada ya uhamisho haiandikwi yote mwaka mmoja. Inagawanywa kwa miaka ya mkataba.

Tuseme mchezaji amenunuliwa kwa milioni 100. Kwa mkataba wa miaka 5, kila mwaka vitabu vinabeba milioni 20. Kwa miaka 8, vinabeba milioni 12.5, na mwaka wa kwanza unaonekana mwepesi. Sasa baada ya miaka mitatu kiwango kimeshuka, na mnunuzi anatoa milioni 50. Kwa mkataba wa miaka 5 zimebaki milioni 40 vitabuni, klabu inaandika faida ya milioni 10. Kwa mkataba wa miaka 8 zimebaki milioni 62.5, klabu inaandika hasara ya milioni 12.5. Mchezaji ni yuleyule, bei ni ileile. Mzigo haukupungua, ulisogezwa mbele. Na mshahara unaendelea kutoka hata kama kocha hamtaki tena. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliweka kikomo cha miaka 5 kwa mgawanyo huo mwaka 2023, na Ligi Kuu ya England ikafuata Desemba mwaka huohuo.

Hesabu hiyohiyo inaeleza jambo linaloniuma zaidi. Mchezaji aliyelelewa kwenye akademi hana ada vitabuni, hivyo akiuzwa pesa karibu zote zinaandikwa faida. Ndivyo ilivyokuwa kwa vijana wa akademi ya Chelsea: Mason Mount alikwenda Manchester United mwaka 2023, Conor Gallagher akaenda Atlético Madrid mwaka 2024. Mashabiki wanadhani mmiliki hawapendi vijana wa nyumbani. Mara nyingi anawapenda kwa sababu hiyo hasa: ndio wanaoziba shimo la mahesabu haraka kuliko wote.

"Kanuni za fedha zimemfunga mikono"

Zinamfunga upande mmoja. Kanuni zilizowakata pointi Everton na Nottingham Forest msimu wa 2023/24 ziliruhusu hasara ya hadi pauni milioni 105 kwa misimu mitatu, tena ili kufika huko mmiliki alitakiwa kuifidia sehemu kubwa kwa hisa. Lakini uwanja, akademi na timu ya wanawake havikuhesabiwa. Mmiliki anayesema "ningependa kusaidia ila nimezuiwa", huku paa la jukwaa linavuja, hajazuiwa na mtu.

"Pesa nyingi, makombe mengi"

PSG ya Ufaransa ilimleta Neymar mwaka 2017 kwa euro milioni 222, rekodi ya dunia. Ligi ya Mabingwa ilikuja Mei 2025, walipoipiga Inter 5-0, wakati Neymar, Messi na Mbappé wote wameshaondoka. Sina la kuongeza.

"Shabiki hana la kufanya"

Mwaka 2012 mmiliki wa Cardiff City, Vincent Tan, aliibadilisha jezi ya bluu kuwa nyekundu. Msimu huohuo timu ikatwaa ubingwa wa Championship, daraja la pili la England, na kupanda daraja ikiwa ndani ya nyekundu. Mtu angedhani hoja imekwisha. Haikwisha. Mashabiki waliendelea kudai rangi yao, na Januari 2015 bluu ikarudi. Aprili 2021 klabu sita za England zilijitoa Super League, ligi mpya ya klabu kubwa za Ulaya iliyokuwa imetangazwa tu, ndani ya siku mbili baada ya watu kumiminika nje ya viwanja.

"Aondoke tu huyu, yeyote atafaa"

Naielewa hasira hii. Lakini ikumbukwe Bury, klabu ya mwaka 1885 iliyowahi kutwaa Kombe la FA mara mbili. Desemba 2018, ikiwa imelemewa na madeni, iliuzwa kwa pauni 1. Mmiliki mpya alishindwa kuthibitisha kwamba anazo pesa za kuiendesha. Tarehe 27 Agosti 2019 mamia ya watu walikwenda kwenye uwanja wake wa Gigg Lane na mifagio na ndoo, wakafagia majukwaa na kusugua viti, wakiamini kuna mechi wikendi. Usiku huo klabu ikafukuzwa kwenye ligi.

Uwanja huo ulikaa kimya hadi 2023. Timu yenye jina la Bury ilirudi kucheza hapo, daraja la tisa, baada ya mashabiki wenyewe kupiga kura ya kuungana.