Enameli dhaifu ya mtoto: maana yake, na kwa nini kusugua sana huiharibu

Enameli ni gamba la nje la jino, lile linaloonekana mtoto akicheka. Hakuna kitu kigumu kuliko hicho mwilini: karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hasa kalsiamu na fosfeti. Tatizo lake ni kwamba haina chembe hai. Mfupa ukivunjika huunga na ngozi ikichubuka hurudi, lakini enameli ikishalika haioti tena. Tunaposema enameli ni dhaifu, tuna maana kwamba madini yake hayakujaa vizuri jino lilipokuwa likiundwa ndani ya ufizi, au yalijaa kisha yakaliwa na asidi baada ya jino kuota.

Nakuru tunaijua zaidi ile aina ya kwanza. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floraidi, aina ya madini, kwenye maji ya ardhini, na visima vingi kuanzia Njoro hadi Gilgil na Elementaita hupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akinywa maji hayo tangu kuzaliwa hadi karibu miaka 8, wakati meno ya kudumu yanaundwa, chembe zinazojenga enameli huvurugika kazi yake. Jino huota likiwa na ukungu mweupe. Hali ikiwa mbaya, huota na vishimo, na baadaye hugeuka kahawia.

Umri ndio unaoamua. Mtoto aliyelelewa Kisumu kwa maji ya Ziwa Victoria, yenye floraidi kidogo, akihamia Nakuru ana miaka 10, meno yake ya mbele hayatapata madoa hayo hata akinywa maji ya kisima kila siku. Mdogo wake aliyehamia akiwa bado ananyonya anaweza kuyapata. Majirani watasema wamerithi meno tofauti, mmoja ya mama na mwingine ya baba. La hasha, ni tarehe ya kuhama tu.

Iko aina nyingine isiyohusiana na maji. Magego ya kwanza ya kudumu, yanayoota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, hutokeza na mabaka ya rangi ya maziwa au ya manjano yenye mipaka dhahiri, wakati mwingine pamoja na meno ya mbele. Chanzo chake hakijabainika sawasawa, ingawa magonjwa ya miaka ya mwanzo hutajwa sana. Gego la namna hii humomonyoka mapema, na maji baridi hulichoma. Mtoto anayekataa kabisa kupigwa mswaki upande mmoja wa mdomo huenda si mkaidi, anaumia.

Sasa tuje kwenye kusafisha, maana hapo ndipo nia njema huleta hasara. Doa la kahawia humfanya mzazi aone uchafu, na uchafu dawa yake ni kusugua. Lakini rangi ile imo ndani ya enameli yenyewe. Ni ukuta wa chokaa uliolowa: ukiusugua ili ung'ae, kinachotoka mkononi ni chokaa. Kwa hiyo njia yoyote, iwe ya shambani au ya dukani, ipimwe kwa maswali matatu. Je, inakwaruza? Je, ina asidi? Je, inarudisha madini yoyote?

Makaa yaliyosagwa yanaanguka swali la kwanza. Punje zake hukwaruza, na kwenye jino lenye vishimo hujificha humo na kulifanya liwe jeusi kuliko mwanzo. Majivu na chumvi ya mawe yana kosa hilohilo. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, ya kusukutua ufizi uliovimba, hayana neno kwa mtoto anayejua kutema. Ndimu ndiyo mbaya kuliko zote: kwenye kipimo cha asidi (pH), ambapo namba ikishuka ukali huzidi, enameli huanza kuyeyuka chini ya 5.5, na ndimu iko karibu na 2. Meno hung'aa siku mbili tatu kwa sababu tabaka la juu limeondoka.

Magadi yanataka tahadhari ya pekee. Yale ya kupikia githeri na mboga za kienyeji hutoka kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, na yana floraidi nyingi, kwa hiyo kumsugulia mtoto magadi hayo, au kuyatia kwenye sufuria kila siku, ni kuongeza kilekile kilichomharibia. Unga laini wa kuumulia keki, yaani baking soda, ni kitu kingine. Huo hupunguza asidi na haukwaruzi sana, ila hauimarishi jino.

Kule magharibi, watu wa Mumias na Muhoroni watakuambia muwa husafisha meno. Nyuzi zake hufuta kweli, lakini sukari inayobaki ni karamu ya bakteria. Mafuta ya nazi hayadhuru jino wala hayalijengi.

Mswaki wa mti naupa heshima yake. Kijiti kibichi kilichotafunwa hadi kikawa na nyuzi laini huondoa utando vizuri, na mti wa mswaki unaoota sehemu kame kama Baringo na Turkana una viambato vinavyopunguza bakteria. Shida ni mahali usipofika. Mtoto husafisha meno ya mbele, tena kwa nguvu, akaacha magego ya nyuma ambayo ndiyo yanayomomonyoka. Kama nyumbani kijiti ndicho kilichopo, mzazi akishike mwenyewe, asugue taratibu kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, na akibadilishe nyuzi zikichakaa.

Brashi ya dukani iwe ndogo na yenye nywele laini. Ile ngumu inayosifiwa kwamba hudumu, iachwe rafuni. Dawa ya meno ndiyo inayomchanganya mzazi wa Nakuru: floraidi imeshawaharibia watoto meno, kwa nini tuwaongezee? Jibu liko kwenye njia inayopitia. Floraidi inayomezwa jino likiundwa huleta madoa. Inayogusa jino lililokwisha kuota husaidia kalsiamu ya mate irudi kwenye enameli, na hufanya gamba listahimili asidi zaidi. Ndiyo maana mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kilicho muhimu ni kipimo: punje moja ya mchele kwa mtoto chini ya miaka 3, na punje ya minji kwa wa miaka 3 hadi 6. Asiigwe mzazi anayejaza brashi yote kama kwenye matangazo. Mtoto ateme, asisukutue kwa maji mengi, na asiachwe na tyubu peke yake, hasa ile yenye ladha ya stroberi. Zile za kung'arisha ziepukwe, kwa kuwa nyingi hung'arisha kwa kukwaruza.

Mara mbili kwa siku inatosha, na ile ya usiku isikosekane, kwa sababu mtu akilala mate hupungua. Akinywa soda au akila embe bichi, angoje nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Papo hapo enameli huwa imelainika.

Maji ya nyumbani nayo yasisahaulike kama kuna mdogo wao anayekuja. Kuchemsha hakuondoi floraidi, bali huizidisha kwa kuwa maji hupungua ikabaki. Ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana floraidi ya kutisha. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilianzisha vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambayo hunasa floraidi, na kazi hiyo imefanyika hapa kwa miaka mingi.

Gego likianza kubanduka au baridi ikimtoa mtoto machozi, brashi haitatosha. Daktari wa meno anaweza kupaka vanishi ya floraidi au kuziba vishimo kabla havijawa matundu. Kuondoa rangi kwa ajili ya sura kunaweza kungoja hadi meno yote ya mbele yamalize kuota, ingawa mtoto anayechekwa shuleni ana haki ya kuuliza mapema zaidi.