Zege Halikauki, na "Kumwagilia Tu" Ndiyo Kazi Yenyewe

Wiki iliyopita nimeisikia tena kauli hiyo ya "kumwagilia tu", na safari hii si saiti. Ilikuwa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye kikao cha kusuluhisha ndoa. Mume na mke wameshindwana, na nyumba ya vyumba vinne iko katikati. Mimi, mhandisi, niliitwa kukagua kuta. Mzee wa kikao akauliza mke alichangia nini. Mume akajibu bila hata kukohoa: "Saruji nimenunua mimi, fundi nimelipa mimi. Yeye alikuwa anamwagilia tu."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonikalisha hapa niandike.

Chanzo chake ni imani kwamba zege linapata nguvu kwa kukauka. Kwa hiyo jua kali linaonekana baraka, na anayemwaga maji anaonekana anatuliza vumbi. Hapana. Zege linaiva. Saruji inashikana kwa kunywa maji, na yakiisha kabla haijashiba, inaishia hapohapo ilipofika. Nguzo za Daraja la Kigamboni zimesimama kwenye mkondo wa maji. Sijasikia aliyezianika juani.

Sasa hapa ndipo watu wanaponichosha. Nikisema zege linataka maji, fundi anachukua dumu na kuyamimina kwenye mchanganyiko mpaka unakuwa uji, eti dada mhandisi kasema. Maji ya kukorogea na maji ya kumwagilia ni yaleyale ya dumu moja, lakini kazi zao ni kinyume. Mfuko wa kilo 50 unatosheka na lita 25 hivi, ukizidisha sana lita 30. Mtaani naona madumu mawili kamili, lita 40, kwa sababu uji unasambaa kirahisi na beleshi halichoshi mkono. Yale ya ziada saruji haiyahitaji. Yanatoka polepole na kuacha vitundu visivyoonekana, na hivyo vitundu ndivyo udhaifu wenyewe. Mchanga ukiwa umenyeshewa, una maji yake tayari, punguza tena. Kisha zege likishashika, ndipo umwagilie bila huruma, siku 7 angalau. Katika siku hizo, likitunzwa, linafikia karibu theluthi mbili ya nguvu ya siku 28. Yaani mafundi wetu wanatoa maji kwa ukarimu pale yanapodhuru, na wanayabania pale yanapojenga.

  

Kuna jambo moja sina jibu safi. Tofali la saruji liloweshwe kabla ya kujengea? Tofali kavu linanyonya maji ya udongo wa kujengea, lakini lililoloa chepechepe husinyaa baadaye na ukuta ukapasuka. Vitabu vinasema usiloweshe, mafundi wanalowesha. Mimi nalipiga maji uso tu, na nimewahi kujuta kote kuwili.

Turudi Chanika. Matofali yalifyatuliwa palepale kiwanjani. Bomba halikuwepo, maji yalikuja kwa mkokoteni, na pipa la kuyahifadhia lilinunuliwa kwa pesa ya kikoba cha mke. Alinionyesha kopo la rangi alilolitoboa kwa msumari matundu mengi chini, ili maji yasichimbe tofali bichi. Asubuhi na jioni, kanga kiunoni, akafunika na magunia aliyokuwa anayalowesha. Vyumba vitatu vilijengwa hivyo. Cha nne kilijengwa alipokwenda kwao kujifungua.

Nikachukua ufunguo wa mlango, nikakwaruza linta, ule mkanda wa zege juu ya mlango, ya chumba cha kwanza. Ukateleza, ukaacha mstari mweupe mwembamba. Nikaenda cha nne, nikakwaruza vilevile. Mchanga ukamwagika kama ngano kwenye gunia lililotoboka.

Niwe mkweli, ufunguo si kipimo. Huenda siku zile fundi alikuwa mwingine, au saruji ilikaa sana stoo ikaganda mabonge. Siwezi kuapa kwamba tofauti yote ni kopo lile. Lakini ukiniuliza nitaweka dau wapi, naweka kwenye kopo.

Mimi si mwanasheria, ila kila mama anayejenga na mwenzake ajue hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inazungumzia mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikufaulu, jambo ambalo wanaosimulia shauri hilo vikaoni husahau kulisema, kwa hiyo usiende ukidhani umeshashinda. Na kifungu cha 59 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Andikeni daftari mkiwa bado mnapendana: mifuko ya nani, maji ya nani, siku ngapi. Wanandoa wengi wana risiti za saruji. Sijakutana na hata mmoja mwenye risiti ya kumwagilia.

Mzee wa kikao akaniuliza, "Sasa mama, nyumba ni ya nani?" Nikamwambia nimeitwa kusema habari za kuta. Mume akaniomba ufunguo. Akaenda mwenyewe chumba cha nne, akakwaruza, akapangusa mkono kwenye suruali. Akarudi cha kwanza akakwaruza tena, pale pale pangu, kwa nguvu zaidi.