Kugawa diski ya seva ya barua pepe: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

"Diski ni kubwa, tia kila kitu kwenye patisheni moja, yaani sehemu moja ya diski." Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, na ndiyo yenye madhara. Seva ya barua pepe ina vitu vitatu visivyoacha kukua: masanduku ya watumiaji, foleni ya barua zinazosubiri, na logi (kumbukumbu za matukio ya seva). Vikikaa pamoja na mfumo wenyewe, usiku mmoja wa barua taka unatosha kufurisha logi na kujaza diski nzima, na huduma zisizohusika kabisa nazo zikakwama. Basi folda ya logi, /var/log, ipewe patisheni yake, masanduku yao, na foleni (kwa Postfix, programu ya kusafirisha barua, ni /var/spool/postfix) yake.

Faida huonekana patisheni ya masanduku inapojaa. Wengi huamini barua hupotea papo hapo. Kwa kawaida hazipotei: ufikishaji ukishindwa kwa muda, barua hubaki kwenye foleni na Postfix hujaribu tena hadi siku 5, usipobadilisha mpangilio. Foleni nayo ikikaribia kujaa, Postfix huzikataa barua mpya kwa jibu la muda, 452, na seva iliyotuma huzishikilia. Kwa hiyo usiinyime foleni nafasi. Ndiyo inayokununulia muda.

Kugawa hakuongezi kasi. Patisheni tatu kwenye diski moja hugombania diski ileile.

Kinachonishangaza ni watu kupigia hesabu gigabaiti peke yake. Maildir, mtindo mmoja wa kuhifadhi masanduku, huweka kila barua kama faili, na kila faili hula ainodi, yaani rekodi ya faili hiyo kwenye diski. Kwenye mfumo wa faili wa ext4 idadi ya ainodi huamuliwa wakati wa kufomati, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384, na haiongezeki mpaka upanue patisheni. Barua fupifupi zikiwa nyingi, ainodi huisha huku amri ya df, inayopima nafasi ya diski, ikionyesha nafasi tele. Amri ya df -i, inayohesabu ainodi, ndiyo itakayokufumbua macho. XFS, mfumo mwingine wa faili, huunda ainodi kadiri zinavyohitajika, ila kuipunguza ukubwa baadaye usitegemee.

Tena, nani alisema diski yote lazima igawanywe siku ya kusakinisha? Tumia LVM (zana ya Linux ya kugawa diski kwa namna inayoweza kubadilishwa baadaye), acha sehemu nzuri bila kuigawa, kisha baada ya wiki kadhaa tazama kipi kinanenepa ukipanue. ext4 na XFS zote hupanuka bila kuzima seva.