Mgonjwa anaongea vizuri lakini haelewi fumbo: maswali kuhusu upande wa kulia wa ubongo

Kiharusi kikimpata mtu upande wa kushoto wa ubongo, familia hujua siku hiyohiyo kwamba lugha imeguswa. Maneno hayatoki, au yanatoka yamevurugika. Kikimpata upande wa kulia, mgonjwa anaweza kuzungumza sentensi zilizonyooka, ndugu wakamshukuru Mungu kwamba mdomo umepona, kisha miezi ikapita wakimlaumu kwa ukavu, ukali au utovu wa adabu ambao kumbe umeletwa na ugonjwa. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya watu wanaoishi na mgonjwa wa namna hiyo.

Shuleni tulifundishwa kwamba lugha iko upande wa kushoto wa ubongo. Huu wa kulia unaingiaje?

Mlichofundishwa ni kweli, ila hakijakamilika. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka silabi moja tu, "tan", ingawa alionekana kuelewa anachoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulikutwa na jeraha sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza eneo jingine la upande huohuo, nyuma zaidi: likiharibika, mtu huongea mfululizo bila kueleweka, na yeye mwenyewe haelewi wengine. Kuanzia hapo upande wa kulia ukahesabiwa kama hauna neno.

Na kweli, kwa watu wapatao 95 kati ya 100 wanaotumia mkono wa kulia, na takriban 70 kati ya 100 wa mkono wa kushoto, kupanga sauti, kufuata sarufi na kutafuta neno husimamiwa zaidi na upande wa kushoto. Lakini msikilizaji ana kazi nyingine baada ya kuyapata maneno: lazima ajue msemaji amekusudia nini. Mgeni anayesema "naona jua linazama" anaomba ruhusa ya kuondoka. Jirani anayeuliza "leo mmepika nini, mbona harufu nzuri hivi?" huenda anasifia, huenda ana njaa. Katika kazi hiyo upande wa kulia una mchango mkubwa, na ukiumia mtu hubaki na maneno yote huku makusudio yakimpita.

Mama amerudi kutoka hospitali, anaongea, lakini sauti yake imekuwa bapa. Hata akimpokea mjukuu hana furaha. Je, ametuchoka?

Hapana, wala msimhukumu kwa sauti yake. Maneno mawili tu, "Haya, nenda", mzazi anaweza kuyatamka kama ruhusa, kama baraka, kama kukata tamaa au kama onyo kwamba ukithubutu utaona. Herufi hazibadiliki. Kinachobadilika ni kiimbo: kupanda na kushuka kwa sauti, kasi, mkazo na vituo. Kutofautisha swali na taarifa, kama "amekuja?" na "amekuja", hushirikisha pande zote mbili za ubongo. Kiimbo kinachobeba hisia, yaani furaha, hasira, huzuni na huruma, hutegemea zaidi upande wa kulia.

Mwaka 1979 madaktari wa Marekani Elliott Ross na Marsel Mesulam walieleza habari za mwalimu aliyepata kiharusi cha upande wa kulia. Akili yake ilikuwa timamu na maneno yake sahihi, lakini sauti haikubeba tena hasira wala upendo, na darasa likamshinda, maana wanafunzi hawakusikia ukali wowote. Ilibidi aongeze kwa maneno kwamba amekasirika kweli. Hali hiyo kitaalamu huitwa aprosodia. Wapo wanaoshindwa kuionyesha hisia kwa sauti ingawa wanaihisi moyoni, wapo wanaoshindwa kuisikia katika sauti za wengine, na wapo wenye yote mawili.

Kwa hiyo mama anaweza kuwa na furaha tele kumwona mjukuu wake. Muulizeni, "Mama, umefurahi?" Jibu lake la maneno lipewe uzito kuliko sauti yake. Ila msiache kumwambia daktari, kwa kuwa sonona nayo huwapata wengi baada ya kiharusi, na sauti bapa inaweza kuificha.

Tukimwambia mzee kwamba kijana fulani amepata jiko, anauliza la gesi au la mkaa. Amekuwa mtoto?

Hajawa mtoto. Ameishika maana ya kwanza ya neno, akakwama hapo.

Mwaka 1977 watafiti Ellen Winner na Howard Gardner waliwasomea wagonjwa sentensi kuhusu mtu mwenye moyo mzito, yaani aliyejaa huzuni, kisha wakawaonyesha picha za kuchagua. Wagonjwa walioumia upande wa kushoto, ambao kuongea kwenyewe kuliwashinda, wengi walichagua picha ya mtu anayelia. Walioumia upande wa kulia mara nyingi waliikubali picha ya mtu anayeyumba kwa kubeba moyo mkubwa, wala haikuwashangaza. Kinachonigusa zaidi ni kwamba baadhi yao, walipoombwa kueleza kwa mdomo, waliieleza sitiari ile sawasawa. Maarifa yalikuwapo. Kuyatumia pale yanapohitajika ndiko kulikokuwa kumevurugika.

Utafiti wa miaka ya baadaye, uliotumia mashine za kupiga picha ubongo unaofanya kazi, umeonyesha kwamba upande wa kushoto nao hushiriki sana kuelewa mafumbo. Upande wa kulia huhitajika zaidi fumbo linapokuwa jipya au linapotegemea mazingira ya mazungumzo. Misemo iliyozoeleka tangu utotoni, kama "mkono wa birika" au "kula chumvi nyingi", huweza kusalimika kwa sababu imeshahifadhiwa kama neno moja. Hivyo msishangae mzee akielewa methali kumi za zamani, kisha akashindwa na utani wa jana wa kijiweni.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu aliyekulia pwani anajua kwamba maneno makali husemwa kwa mzunguko: kwa jina la kanga, kwa kitendawili, kwa sifa ambayo ndani yake mna shutuma. Aliyepoteza uwezo wa kuzunguka nayo amepoteza mahali pake barazani, hata kama hotuba yake haina kosa la sarufi.

Ubongo hufanyaje hata ukaipata maana ya pili?

Maelezo yanayokubalika na wengi yametoka kwa mtafiti Mark Beeman na wenzake. Neno likisikika, upande wa kushoto huchagua upesi maana iliyo karibu zaidi na kuzizima nyingine. Upande wa kulia huamsha kwa unyonge maana nyingi zilizo mbali mbali na kuziacha zikiwaka kwa muda. Ni kama wavuvi wawili, mmoja anarusha mshipi mahali anapoona samaki, mwingine anatandaza jarife pana. Jarife huleta na takataka, lakini hunasa ambacho mshipi haukukifikia.

Mwaka 1994 walifanya jaribio zuri. Watu walisoma maneno matatu: kulia machozi, mguu, kioo. Kila moja peke yake lina uhusiano hafifu na neno "kata", ila yakijumlishwa yanamwonyesha mtu aliyekanyaga kioo. Neno la nne lilipoonyeshwa upande wa kushoto wa macho, ambako taarifa hufika kwanza kwenye ubongo wa kulia, msaada wa yale maneno matatu ulionekana wazi zaidi.

Utani hutumia njia hiyohiyo: mwisho wake hukulazimisha urudi nyuma uisome hadithi upya. Wagonjwa wa upande wa kulia waliochunguzwa na Hiram Brownell miaka ya 1980 walijua kwamba kichekesho huhitaji mwisho wa kushtukiza, lakini walichagua mwisho wowote wa kushtukiza, hata usiohusiana na kisa.

Baba anaongea sana kuliko zamani, anaruka kutoka jambo hili hadi lile. Hiyo nayo ni kiharusi?

Inaweza kuwa. Kusimulia kisa kunahitaji kujua kiini ni kipi, pambo ni lipi, na anayekusikiliza anajua nini tayari. Ukimwomba mgonjwa wa aina hii akueleze harusi aliyohudhuria, anaweza kukutajia rangi za viti, bei ya soda na jina la dereva, asifike kwa bwana na bibi harusi. Tena hatambui kwamba wasikilizaji wamechoka, kwa kuwa nyuso na sauti zao hazimwambii kitu. Mrudisheni taratibu: "Baba, jambo kubwa lililotokea lilikuwa lipi?" Msimkatize kwa kicheko.

Je, ni kweli kuna watu wa ubongo wa kulia, wabunifu, na watu wa ubongo wa kushoto, wenye hesabu?

Si kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichunguza picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 na hawakukuta kundi la watu ambao upande mmoja mzima umetawala. Kazi mojamoja huelemea upande fulani, mtu mzima haelemei.

Na mtoto mchanga aliyepata kiharusi upande wa kushoto, ataongea?

Mara nyingi ndiyo. Ubongo ukiumia karibu na wakati wa kuzaliwa, upande wa kulia unaweza kuichukua kazi ya lugha, na wengi wa watoto hao hukua wakizungumza vizuri. Kwa mtu mzima nafasi hiyo ni finyu zaidi.

Mbona hospitali hawakutuambia lolote kuhusu hili?

Vipimo vingi vya haraka vimejengwa kuutafuta upotevu wa maneno. Kipimo kinachotumika sana duniani kukadiria ukali wa kiharusi, kile cha Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kina alama 42. Saba kati ya hizo zinagusa lugha moja kwa moja, na ni mbili tu zinazohusu kupuuza upande mmoja, yaani kutotambua vilivyo upande huo, dalili ambayo ni ya ubongo wa kulia zaidi. Majeraha mawili ya ukubwa sawa yanaweza basi kupata alama tofauti, la kulia likionekana dogo. Kisha mgonjwa akijibu jina lake, siku na mahali alipo, wodi yenye msongamano humwona yuko sawa.

Ndiyo maana maelezo yenu ni sehemu ya uchunguzi. Mwambieni daktari mambo yaliyobadilika, kwa mifano: haelewi utani, hamalizi kisa, haoni kwamba mtu amekasirika, anaacha chakula kilicho upande wa kushoto wa sahani. Ombeni rufaa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Wengi hudhani wataalamu hao ni wa mabubu na wenye kigugumizi tu, kumbe shida hizi nazo ni kazi yao.

Nyumbani tumsaidieje?

Semeni wazi. Badala ya "hapa pana giza", mwambie "naomba uwashe taa". Kejeli iwekeni kando kabisa. Hisia zitajeni kwa jina: "nimeumia kwa ulichosema", "nakutania". Zimeni redio mnapozungumza na aongee na mtu mmoja kwa wakati, maana kikao cha watu wengi humchosha na kumpoteza. Kama anapuuza upande wa kushoto, mazungumzo mazito myafanye mkiwa upande wake wa kulia, na mumwachie mtaalamu apange mazoezi ya kumrudisha kushoto.

Mambo ya fedha, jiko na barabara yanataka uangalizi. Anayeshindwa kusoma makusudio ya watu ni rahisi kutapeliwa, na asiyeona upande wa kushoto hagundui pikipiki inayokuja. Kuendesha gari asiendeshe mpaka daktari aseme.

Mwenzi wa ndoa naye asisahaulike. Kuishi na mtu anayekuhudumia kwa maneno sahihi yasiyo na joto kunaumiza sana, na wapo walioachana kwa kudhani mapenzi yamekwisha. Mkalisheni, mmweleze ulichofanya ugonjwa.

Dalili zilianza ghafla, lakini mwenyewe anasema yuko mzima na hataki kwenda hospitali. Tumsikilize?

Msimsikilize katika hili. Jeraha la upande wa kulia linaweza kumfanya mtu asitambue kabisa kwamba mkono wake wa kushoto haufanyi kazi. Mwaka 1914 daktari Joseph Babinski aliipa hali hiyo jina la anosognosia. Habishi kwa ukaidi. Ubongo unaopaswa kumpa habari ndio ulioumia.

Angalieni uso uliopinda, mkono au mguu uliolegea, usemi uliobadilika. Kwa kuwa maneno yanaweza kubaki safi, ongezeni haya: hageuki akiitwa kutoka kushoto, anajigonga kushoto, ghafla anaonekana hajali kitu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na baada ya picha ya ndani ya ubongo, ya mashine ya CT, kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Kwa hiyo msimpe aspirini nyumbani, msimpe chakula wala kinywaji, na msisubiri apumzike kwanza. Andikeni saa ambayo mtu wa mwisho alimwona akiwa mzima, na nendeni naye hospitali yenye mashine hiyo kama iko karibu. Huyo aliyemwona ndiye ajibu maswali ya daktari.