Kabla ya kuomba saikolojia ya elimu

Mtoto aliyefaulu vizuri darasa la saba, kisha akaanza kuburuza mkia kidato cha kwanza, ana sababu. Pengine ni Kiingereza, maana miaka saba alifundishwa kwa Kiswahili. Pengine haoni ubaoni. Pengine sikio moja halisikii na hakuna aliyegundua kwa sababu amezoea kukaa mbele. Au kusoma kwenyewe hakujawahi kumkaa sawasawa, ila alikuwa hodari wa kukariri. Nyumbani ataitwa mvivu, shuleni ataitwa mzito. Mwanasaikolojia wa elimu ndiye anayepaswa kujua ipi kati ya hizo ni kweli, kabla watu wazima hawajamwamulia la kufanya.

Nimeanza na hilo kwa kuwa vijana wengi wanaotuuliza kuhusu fani hii hutuambia wanaipenda kwa sababu wao ni wasikilizaji wazuri. Unasihi, yaani ushauri nasaha, ni sehemu ya kazi, sikatai, lakini uti wa mgongo wake ni upimaji. Ndivyo ilivyoanza. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao cha akili jijini Paris ili kuwabaini watoto waliohitaji msaada wa pekee darasani. Mwaka 1913 mamlaka ya jiji la London ilimwajiri Cyril Burt kuwa mwanasaikolojia wa shule zake. Huyu Burt alipokwisha kufa alituhumiwa kughushi takwimu za utafiti wake wa mapacha, na mabishano hayajaisha. Somo la maadili msilione la kujazia ratiba.

Hata takwimu msizikimbie. Kipimo cha Paris hakiwi cha Newala kwa kutafsiriwa tu. Ukimwonyesha mtoto picha ya kitu ambacho hajawahi kukiona kisha ukamhesabia kosa, umepima mahali alipokulia, hujapima akili yake. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kinachotumia vifaa vinavyopatikana palepale, na mwaka 2008 wakachapisha matokeo yake. Kwa maoni yangu, kazi kubwa inayowasubiri mnaoanza leo ni hiyo: vipimo vya kusoma, kuandika na kuhesabu vilivyotungwa na kujaribiwa kwa Kiswahili, kwa watoto wetu.

Njia yenyewe haina siri. Ukimaliza kidato cha sita, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu katika saikolojia, na vyuo vingine vina programu za jirani kama unasihi na elimu maalumu; sifa za kila programu zimo katika mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Shahada ya kwanza inakupa msingi tu. Anayetaka kumpima mtoto na kutia saini ripoti aende hadi umahiri, yaani shahada ya pili, na akipita darasani kama mwalimu miaka michache kabla ya hapo, atakuwa na faida. England wanadai uzamivu, yaani shahada ya udaktari, wa miaka mitatu, na cheo cha mwanasaikolojia wa elimu kinalindwa kisheria. Kenya wana sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu mwaka 2014.

Kuhusu ajira, usisubiri tangazo lenye jina la fani yako. Nafasi huja kwa majina mengine: mkufunzi wa chuo cha ualimu, mwalimu wa ushauri na unasihi, mtaalamu wa elimu maalumu, afisa wa mradi wa watoto.

Ukienda kuulizia chuo, ada na mkopo utaviuliza bila kukumbushwa. Uliza na hili: kabla sijahitimu, nitapima watoto wangapi nikiwa chini ya msimamizi, na ripoti zangu atazisoma nani? Chuo kisichoweza kukujibu, endelea kutafuta kingine.