Je, wajua kwa nini mchezaji wa besiboli anasajiliwa leo halafu anakaa miaka bila kuonekana ligi kuu?

Mpwa wangu yuko fomu thri hapa Nakuru na wiki jana alinishika na swali: "Anko, wale vijana wa Uganda waliosajiliwa na Dodgers ya Los Angeles, mbona hatuwaoni kwa TV?" Alimaanisha Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa 2022. Na ako na haki ya kuuliza, ju sisi tumezoea soka, kijana wa miaka 17 akiwa moto leo, wikendi inayofuata unamwona kikosi cha kwanza.

Besiboli haiendi hivyo. Ukisaini unaanzia ligi za chini na ni kama kupanda madarasa: kuna ya wanaoanza kabisa, alafu A, A ya juu, AA, AAA, ndio sasa ufike ligi kuu yenye timu 30. Na kupanda si lazima, unaweza pandishwa Machi ushushwe Mei, ama uachiliwe tu, na wengi wanamalizia huko chini bila kugusa ligi kuu hata siku moja.

Shida ni mpira wenyewe. Mrushaji anasimama mita 18 na kitu kutoka kwa mpigaji na mpira unakuja kwa kilomita 150 kwa saa, yaani ukisema "mo" kabla umalize "ja" umeshafika, na hauji tu moja kwa moja, mwingine unapinda, mwingine unazama miguuni dakika ya mwisho. Jioni hiyo tulipima hatua kwa uwanja, akashika mpini wa jembe, nikamrushia mpira wa tenisi polepole kabisa kama wa raunda. Mipira kumi, akagusa minne, na miwili kati ya hiyo ilienda nyuma yake. Alikasirika sana. Nikamwambia kule ligi kuu ukipiga na kufika kituo cha kwanza salama mara tatu kwa kila kumi, wewe ni staa. Hata Michael Jordan aliacha basketi 1993, na 1994 akajaribu besiboli, akawekwa daraja la AA, akapata mara mbili tu kwa kumi. Jordan mzima! Macho na mikono inataka kuona maelfu ya mipira ya watu tofauti, na hakuna njia ya mkato. Ligi kuu inacheza mechi 162 kwa msimu na huko chini pia ni mechi karibu kila siku.

Sasa pesa. Hapa ndipo mimi naumia kwa niaba yao, ju kwa miaka mingi hao vijana walikuwa wanalipwa msimu ukiwa unaendelea pekee, na mchezaji wa daraja la A alikuwa anapata kama dola 11,000 kwa mwaka, kwa maisha ya Marekani hiyo si kitu. Mwaka 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja kupitia chama cha wachezaji, daraja la A ikapanda hadi 26,200 na AAA ikawa 35,800. Ligi kuu mwaka huo huo, mshahara wa chini kabisa ulikuwa dola 720,000. Ngazi moja tu inatenganisha hizo mbili za mwisho.

Kuna Mwafrika mmoja ambaye nikimkumbuka natulia. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alilelewa ndani ya jengo la klabu ya besiboli ya Randburg, mamake alikuwa anafanya kazi hapo. Pittsburgh Pirates walimsajili 2008 akiwa na miaka 18. Akapanda daraja moja moja hadi tarehe 26 Aprili 2017 akaitwa ligi kuu, Mwafrika wa kwanza kucheza huko, na mara ya kwanza kushika gongo, mbele ya mrushaji Jon Lester wa Chicago Cubs, akapiga na kufika kituo cha kwanza. Miaka minane na zaidi ya kungoja, na mechi zake zote za ligi kuu zikawa 41.

So nilimwambia mpwa wangu, kijana wa besiboli usimtafute kwa TV. Tafuta yuko daraja gani mwaka huu na mwaka jana alikuwa gani.